Shabiki na Mlinzi wa Mila: Mike Resnick Akisomwa kutoka Kericho

Makala haya yanakusudia kuchunguza kazi za Mike Resnick (1942-2020), mwandishi Mmarekani wa bunilizi za kisayansi, kwa kuzingatia njia aliyoipitia hadi akafika kuiandika Kenya. Kwa kawaida huulizwa kama mgeni ana haki ya kuisimulia jamii isiyo yake. Swali hilo lina uzito, lakini likiulizwa peke yake humwacha mhakiki nje ya matini. Hoja yetu ni kwamba Resnick aliwatazama Wagikuyu kama shabiki anavyoutazama ulimwengu uliobuniwa na mwingine. Mtazamo huo ndio nguvu ya kazi yake, na ndio kasoro yake pia.

Resnick alianza kama shabiki wa Edgar Rice Burroughs. Mwaka 1965 kijarida cha mashabiki, ERB-dom, kilichapisha hadithi yake iliyoendeleza visa vya Burroughs vya sayari ya Mirihi. The Goddess of Ganymede (1967) ilifuata nyayo zizo hizo. Mwaka 1980 ilitoka Galactica Discovers Earth, aliyoiandika pamoja na Glen A. Larson, muundaji wa tamthilia ya televisheni ya Battlestar Galactica. Na mwaka 2003 akaandika The Amulet of Power, kuhusu Lara Croft, mhusika wa mchezo wa kompyuta. Hizi ni riwaya za idhini: mwandishi hulipwa atumie wahusika na mandhari yenye mwenyewe. Hawezi kumuua mhusika mkuu wala kuigeuza asili yake. Hujifunza kutii kanuni za ulimwengu alioukuta, na mwenye ulimwengu huo anaweza kumkatalia.

Tukiwa na historia hiyo, tuitazame Kirinyaga (1998), mkusanyiko wa hadithi zinazofuatana. Mbili kati yake zilipata Tuzo ya Hugo: ile yenye jina la kitabu (1989) na "The Manamouki" (1991). Wagikuyu kadhaa wamepewa hati ya kuishi katika kijisayari kilichotengenezwa kifanane na nchi ya wahenga. Msimulizi, Koriba, ni mundumugu aliyesoma Cambridge na Yale. Msomaji wa kitabu cha Jomo Kenyatta, Facing Mount Kenya (1938), atazitambua nyingi za mila zinazotajwa.

Koriba mwenyewe ana hulka ya shabiki. Anaushika utamaduni kama matini iliyokwisha kufungwa, isiyoongezwa neno. Katika hadithi ya kwanza anamuua mtoto mchanga kwa sababu alitanguliza miguu alipozaliwa. Katika "For I Have Touched the Sky" anamkataza msichana Kamari kusoma. Kamari anabuni lugha yake ili azungumze na kompyuta, na njia hiyo nayo inapozibwa anajiua. Hapa ndipo Resnick anapofaulu. Kamari naye anaupenda ulimwengu alioukuta, lakini kupenda kwake ni kuuongezea. Koriba hupenda kwa kuzuia. Mwandishi aliyeonja furaha ya kuendeleza kazi ya mwingine anajua ni nini kinachokufa na mtoto huyo.

Hata hivyo, usomaji wa kutoka nchi ya majani chai, Kericho na Bomet, unafichua pengo. Huko pia ardhi ilitolewa kwa hati, ila hawakupewa wenye mila. Katika miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilianzisha mashamba makubwa ya chai katika nchi ya Wakipsigis. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahamisha Watalai, ukoo wa orkoiik, ambao mamlaka yao ya kiibada iliyaogopa. Wakapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria. Katika Kirinyaga mambo ni kinyume: wakubwa wanatoa ardhi na kumwacha mundumugu atawale. Mila za Koriba hupambana na vitabu na dawa, lakini hazipambani na mwenye shamba.

Itasemwa kwamba Resnick aliusimulia ukoloni wa Kenya katika Paradise (1989). Ni kweli, lakini aliuhamishia sayari iitwayo Peponi, ambako wenyeji ni viumbe wasio binadamu. Hivyo historia imewekwa katika kitabu kimoja na mila katika kingine, na havikutani. Msomaji ambaye babu zake walipoteza malisho na wazee wa ibada katika kizazi kimoja hawezi kuvitenga hivyo. Ulimwengu wa kubuni unaweza kukatwa mahali mwandishi anapotaka. Jamii iliyo hai ina watu wanaojua kilichokatwa, na idhini yao haikuwa na mahali pa kuombwa.

Kwa hiyo hatupendekezi Resnick awekwe kando. Tunapendekeza asomwe sambamba na Walenisi (1995) ya Katama Mkangi, riwaya ya Kiswahili ambayo pia humpeleka mhusika wake kwenye ulimwengu mwingine, lakini jina lake lenyewe linatamka kwamba wale ni sisi. Swali la kuwapa wanafunzi wa uzamili ni hili: katika kila moja ya kazi hizo, nani anaruhusiwa kuongeza neno?