Mvuta Wavu kwa Mwanga wa Karabai

Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria hutoka wakati wa giza, kwani mbalamwezi huishinda taa na dagaa hawakusanyiki. Ukishuka ziwani kutoka upande wa Bugwema na kamera ya filamu, mwanga wako ni ule ule wa karabai yao.

Mkanda wa kwanza niliuharibu wote, picha 36. Nililaumu giza, kumbe kwenye negativu uso wa mvuta wavu ulitoka vizuri. Mikono ndiyo iliyokuwa moshi mtupu. Filamu ilikuwa ya 400, lenzi ya milimita 50 nimeifungua hadi f/1.8, na mtu akiwa mita 2 kutoka kwenye taa nilipata sekunde 1/30, polepole mno kwa mikono inayovuta. Tripodi haifai kitu mtumbwi unapoyumba.

Wengi husukuma filamu: unaipiga kama ya 1600, kisha unaiacha muda mrefu zaidi kwenye dawa wakati wa kuisafisha. Unafika 1/125. Lakini vivuli vinakufa, maana pale ambapo mwanga haukugusa hakuna dawa itakayopajaza. Nakubali hasara hiyo. Usiku wa ziwani ni mweusi kweli.

Dawa peke yake haitoshi. Mwanga wa taa hupungua kwa mraba wa umbali, hivyo mvutaji akisogea kutoka mita 2 hadi mita 1 kutoka kwenye karabai, mwanga wake unazidi mara 4, sawasawa na kule kusukuma. Ile 1/125 inakuwa 1/500. Basi nangoja wavu ufike karibu na taa. Kipimo nakichukua kwenye kiganja changu nilichokiweka kwenye mwanga huo huo; ukielekeza kamera kwenye taa, kipimo kitakudanganya.

Fokasi ndiyo ngumu. Kwa f/1.8, mita 2 kutoka kwa mtu, sehemu iliyo kali haizidi shibiri moja. Nailenga kwenye ukingo wa mtumbwi pale wavu unapopandia, na lenzi siigusi tena. Halafu nahesabu mwendo wa mvutaji: anavuta, anapumua, anabadilisha mkono. Katika kubadilisha mkono kuna kitambo mikono yote imetulia, uzito wa wavu umening'inia. Nabonyeza kabla kidogo, maana kidole nacho huchelewa. Dagaa wametoka kama michirizi ya fedha, maji yanachuruzika, na vifundo vya vidole vimetoka vikali kabisa, nyuzi za wavu zimezama kwenye ngozi.