Basi Hupimwa Mpakani

Abiria wengi wa njia ya Mombasa na Tanga huchagua basi kwa macho: rangi, runinga, pazia, maneno ya kioo cha nyuma. Kwangu mimi mtihani wenye maksi ni mmoja tu, nao hufanyika Horohoro, mpakani upande wa Tanzania, abiria wote wakiwa wameshuka na siti zimebaki tupu. Siti nzuri anaweza kuinunua tajiri yeyote mwenye mkopo wa benki. Lakini kuvusha basi zima la watu, akiwamo bibi asiyesoma fomu, mama mwenye pacha, na kijana ambaye kadi yake ya homa ya manjano imo ndani ya begi lililolaliwa na mengine yote kwenye buti, huo ni ufundi, na wenye kuujua ni wachache.

Siti tusiidharau, ila tusiikalie sana. Uliza kama ni mbili kwa mbili au mbili kwa tatu. Hiyo ya pili kwa mtu mwenye mwili ni adhabu. Uliza pia injini iko wapi. Mabasi yaliyojengewa bodi juu ya chesisi ya lori huwa na injini mbele, karibu na dereva, kwa hiyo siti za mbele wanazozigombania watu ndizo zinazokula joto na kelele. Yale ya Kichina, Yutong na wenzake, injini iko nyuma, na hapo mstari wa mwisho mwachie aliyechelewa kukata tiketi. Ukitoka Tanga asubuhi kaa kushoto, maana jua linapiga kulia. Atakayekwambia kaa kulia uone bahari hajapita njia hii: bahari ipo, lakini utakachokiona ni minazi, mikorosho na mashamba ya katani.

Zamani barabara yenyewe ndiyo iliyowatenganisha wazuri na wabaya. Kipande cha Tanga hadi Horohoro, kilomita kama 65, kilipotiwa lami kwa fedha za msaada wa Marekani kupitia shirika la MCC, tofauti hiyo ikafa. Leo dereva wa kawaida na dereva bingwa wanafika mpakani karibu saa ileile. Kinachowatofautisha ni watakapoondoka.

Horohoro na Lunga Lunga ni kituo cha pamoja, na utaratibu wa kituo cha pamoja ni kwamba unasimama mara moja tu, upande wa nchi unayoingia. Anayetoka Tanga anamalizia mambo yake yote Lunga Lunga, dirisha la Tanzania na la Kenya chini ya paa moja. Anayetoka Mombasa anamalizia Horohoro. Ndiyo maana konda wa upande wetu napenda kumpima wakati wa kurudi, abiria wakiwa wamechoka na mabegi yamenenepa.

Konda mzuri huanza kazi ya mpaka kabla ya mpaka. Basi halijaondoka Mombasa, ameshapita siti kwa siti akiangalia pasipoti na hati za dharura za safari, na mwenye upungufu ameshaambiwa hapo hapo, wakati bado anaweza kurudi nyumbani. Wakipita Msambweni anasimama katikati ya korido na kusema kwa sauti ya kawaida: kadi za chanjo mkononi, kalamu mkononi, wazee na wenye watoto watashuka kwanza. Anawatajia na bei ya kubadilisha shilingi, ili vijana wenye mabunda ya noti wasimchezee mtu. Sheria anaijua kuliko abiria. Tangu mwaka 2016 chanjo moja ya homa ya manjano inatambuliwa kwa maisha yote, hata kama kadi ya zamani imeandikwa miaka kumi. Konda anayelijua hilo na kulisema kwa adabu dirishani ameokoa fedha na heshima ya mtu.

Kisha tazama anaposimama. Konda wa hovyo anatangulia, anagongewa mhuri wake, anakwenda kunywa chai. Aliyefundwa hukaa mkiani mwa foleni, akijua kila aliye mbele yake yuko wapi. Wakati wa kuondoka hahesabu vichwa kwa jicho, anasoma majina kwenye orodha. Vichwa vinaweza kutimia huku mtu mmoja akiwa bado anahojiwa ndani na mgeni amepanda mahali pake.

Jambo linalochelewesha mabasi kuliko yote, na ambalo abiria halioni, liko tumboni mwa basi. Chungulia buti kabla hujalipa. Ukikuta mabegi, vizuri. Ukikuta marobota na maboksi yasiyo na mwenyewe ndani ya basi, ujue utasubiri forodha imalizane na mzigo wa mtu aliyelala kwake Mombasa. Mfanyabiashara mdogo anayesafiri na bidhaa zake simlaumu hata kidogo. Jumuiya ya Afrika Mashariki imemwekea utaratibu rahisi kwa bidhaa zilizotengenezwa au kulimwa ndani ya nchi wanachama, zisizozidi thamani ya dola 2,000, na konda mwema atamwelekeza dirisha lake. Namlaumu tajiri aliyeuza nafasi moja mara mbili: juu kwa abiria, chini kwa mzigo.

Wenye ndugu Ulaya huniambia nilinganishe na ndege. Haya. Katika ndege nyingi za masafa marefu, daraja la kawaida, kutoka siti hadi siti ni kama inchi 31. Basi zuri la mbili kwa mbili halina cha kuionea wivu nafasi hiyo. Ndege inatushinda kwenye karatasi. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004, pamoja na hukumu ya mahakama yao ya mwaka 2009, inampa abiria wa safari ndefu hadi euro 600 akifika amechelewa saa tatu au zaidi, isipokuwa sababu iwe nje ya uwezo wa shirika. Inamlinda hata anayepanda Dar es Salaam au Kilimanjaro kwenda nchi za Umoja huo, mradi shirika nalo ni la huko, na anapongoja sana anatakiwa apewe chakula. Kwa hiyo mhudumu mwenye uso wa mbuzi hakudhuru sana. Sheria iko nyuma yako. Kwenye basi letu, kwa kipande kile cha mpakani, sheria yako ni konda. Akikuacha, umeachwa.

Basi dirishani pa tiketi usiulize kama lina chaji ya simu. Uliza: abiria akikwama uhamiaji, mnangoja muda gani, na begi lake mnalishusha wapi? Ukijibiwa "hakuna anayekwama", nenda ofisi ya jirani. Ukitajiwa muda na namba ya mtu wa kumpigia, lipa.

Siku ambayo hakuna ofisi iliyojibu vizuri, njia ya wenyeji bado ipo: daladala ya Tanga hadi Horohoro, unavuka kwa miguu, halafu matatu ya Lunga Lunga kwenda Likoni. Mara nyingi utafika kabla ya basi uliloliacha. Ila kwa begi moja tu. Ukiwa na mawili, kila anayepakia atataka nauli ya la pili.