Jina la Muuzaji Lilivyogeuzwa Dhamana

Kitu kinachotajwa kuwa cha kwanza kuuzwa katika historia ya soko la mtandaoni la eBay kilikuwa kibovu. Septemba 1995, Pierre Omidyar, mtunga programu wa California, alikiweka kwenye mtandao wake mpya, wakati huo ukiitwa AuctionWeb, kijitochi cha leza kisichowaka. Alieleza waziwazi kwamba hakifanyi kazi, na bado kikapata mnunuzi kwa dola 14.83. Kisa hiki hupenda kusimuliwa ili kuonyesha kwamba hakuna kitu kisicho na mteja. Ninavyoona mimi, cha kuzingatia ni kwamba mnunuzi alijua hasa anachokinunua, na kazi ngumu ya kuuza vitu vilivyotumika iko hapohapo. Kupiga picha na kuandika bei ni jambo la dakika tano. Kumfanya mtu asiyekujua aamini maelezo yako ndiko kunakohitaji ufundi.

Mwaka 1970 mchumi George Akerlof aliutumia mfano wa magari yaliyotumika kuonyesha soko linavyoweza kufa kwa kukosa taarifa. Mnunuzi asipoweza kulitofautisha gari zima na bovu, hutoa bei ya kujihadhari. Mwenye gari zima huiona bei hiyo kuwa ya dharau, akaliondoa sokoni, na wanaobaki ni wenye mabovu. Waswahili wana picha yao ya jambo hili: kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Katika soko la ana kwa ana gunia hufunguliwa. Mtu hukipindua kiti atazame miguu, huichomeka friji kwenye umeme na kusubiri ipoe, na akiwa na mashaka humwita fundi. Kwenye skrini hawezi, na mwenye friji nzima anaishia kuiacha stoo.

Jibu la Omidyar, mwanzoni mwa 1996, lilikuwa jepesi kiasi cha kutia shaka: wanaouziana wapeane alama, ya sifa, ya lawama au ya kati, na jumla yake ionekane kando ya jina la kila mmoja. Mwanzoni mtu aliweza kumpa mwenzake alama hata kama hawakuuziana chochote. Baadaye alama zikafungwa kwenye biashara iliyofanyika kweli, na badiliko hilo naliona kubwa kuliko linavyosifiwa. Tangu hapo jina la muuzaji lilikuwa mali iliyokusanywa polepole, na tapeli aliyelitupa jina lake alianza upya bila chochote. Thamani ya mali hiyo ilipimwa. Paul Resnick na wenzake walichapisha mwaka 2006 jaribio ambalo muuzaji mmoja mzoefu aliuza postikadi za zamani kwa jina lake lenye alama nyingi, na nyingine za aina ileile kwa majina mapya. Wanunuzi walikuwa tayari kulilipa jina la zamani asilimia 8.1 zaidi.

Mwenye kupinga atasema alama hizo zilikuwa za kusifiana tu. Ana hoja, kwa sababu katika takwimu za eBay za miaka ya mwanzo zaidi ya asilimia 99 ya maoni ya wanunuzi yalikuwa ya sifa, na biashara ya mitumba haina malaika wengi kiasi hicho. Sababu mojawapo ilikuwa woga: aliyemlaumu muuzaji alijua kwamba atalaumiwa naye. Lakini kasoro hiyo ilionekana, ikarekebishwa. Mwaka 2008 eBay iliwanyima wauzaji uwezo wa kuwapa wanunuzi alama mbaya, nao wakalalamika, wengine wakagoma. Isitoshe, pale ambapo karibu kila mtu anasifiwa, lawama mbili tatu kwenye jina moja hupiga kelele.

Pingamizi la pili liko karibu nasi zaidi. Wapo wanaoamini kwamba shida ilikuwa malipo, na kwamba M-Pesa, iliyoingia Kenya 2007 na Tanzania 2008, imeimaliza. M-Pesa imemaliza shida ya kufikisha fedha. Haisemi chochote kuhusu betri ya simu au mchwa ndani ya kabati, na kwa kuwa hela hufika papo hapo, imemrahisishia kazi hata tapeli wa "tuma kwenye namba hii".

Mitandao yetu ya matangazo, kama Jiji iliyochukua biashara ya OLX nchini Kenya, Tanzania na Uganda mwaka 2019, imefuata njia nyingine: kutaneni penye watu, kagua, ndipo ulipe. Ni ushauri mzuri, kwani unalifungua gunia. Gharama yake ni kwamba mauzo hukamilika nje ya mtandao, kwa hiyo hata penye nafasi ya kutoa maoni, mtandao hauna ushahidi kwamba kitu kiliuzwa. Soko nalo hufinyika likawa la mji mmoja. Panapokuwa na shahidi wa tatu, hali hubadilika: Tanzania ilipozima simu bandia Juni 2016, mnunuzi aliweza kubonyeza *#06#, akaituma namba ya utambulisho kwenda 15090 na kujua kama simu ni halisi. Meza na sofa hazina namba ya kuulizia. Zinachohitaji ni mtandao utakaoishika fedha ya mnunuzi mpaka mzigo ufike, kisha uruhusu alama kwa waliolipana tu. Bila hivyo, mwenye meza Mwanza ataendelea kumtafuta mnunuzi Mwanza, na bei atapangiwa na yule atakayekuja kuipindua.