Muhuri Mkononi mwa Jacko

Riwaya ya The Changeover inaanzia bafuni. Laura Chant, msichana wa miaka 14, anatazama chupa ya shampuu. Mbele imeandikwa Paris na kuchorwa mrembo, lakini chini, kwa herufi ndogo, chupa yenyewe inakiri kuwa imetengenezwa New Zealand. Muda si muda Laura anajitazama kwenye kioo, na uso anaouona anashindwa kuutambua sawasawa. Anajua kuna jambo baya linalomjia. Lakini ni asubuhi ya siku ya shule, mama yake anakimbilia kazini, na gari lao bovu haliwaki mpaka lisukumwe. Onyo la kioo litasubiri.

Margaret Mahy ameshatupa mengi hapo, na hajataja mchawi hata mmoja. Chupa imedanganya usoni na kusema kweli chini, na kitabu kizima kitakuwa cha nyuso zinazoficha kilicho nyuma yake. Msomaji hajui kuwa amefundishwa. Anadhani amesoma habari za shampuu.

Kitabu hiki kilitoka mwaka 1984 na kumpa Mahy medali yake ya pili ya Carnegie, baada ya ile aliyoipata kwa The Haunting. Kilitangulia Twilight ya Stephenie Meyer kwa miaka 21, na tangu wakati huo rafu za riwaya za vijana zimejaa wasichana wanaogundua kuwa ni wachawi, mafumbo ya vifo, na wavulana wazuri wenye siri. Nimesoma nyingi kwa furaha. Katika nyingi kati ya hizo, hata hivyo, nyuzi tatu zinakwenda kila moja kivyake: sura hii ya uchawi, inayofuata ya upelelezi, ile nyingine ya mapenzi. Kwa Mahy nyuzi zote tatu zimefungwa kwenye sheria moja, nayo ni ya ruhusa. Nani ana haki ya kukugusa na kukuachia alama yake, na nani alimpa haki hiyo?

Tazama sheria hiyo inavyoingia. Laura ana mdogo wake wa kiume, Jacko, ambaye hajafikia umri wa shule na anapenda sana kugongwa muhuri mkononi. Jioni moja wawili hao wanakutana na duka dogo la vikorokoro, Brique à Braque, ambalo mwenyewe ni Carmody Braque. Ni mzee mchangamfu, mwenye maneno mengi na harufu ya peremende inayoficha harufu ya kitu kinachooza. Anamwahidi mtoto muhuri, na Jacko, kwa uchu wa mtoto aliyeahidiwa kitu kizuri, ananyoosha mkono mwenyewe. Muhuri unagongwa. Picha iliyobaki kwenye ngozi ni uso wa Braque mwenyewe, unatabasamu. Haioshiki, na inazidi kuzama ndani. Siku zinazofuata mtoto anaanza kunyauka, na pumzi yake inanuka peremende.

Mkono ulinyooshwa, na hapo ndipo penye uzito wote. Braque ni mzuka wa kale, mtu aliyekwisha kufa zamani lakini akakataa kuondoka, anayejipa uhai kwa kunyonya uhai wa wengine. Mzuka wa namna hii hawezi kuvunja mlango, lazima afunguliwe. Mwandishi mwingine angetuwekea mzee mwenye kitabu cha ngozi atueleze sheria hii kwa kurasa tatu. Mahy ametuonyesha kwa kiganja cha mtoto, kisha akaendelea na safari. Yeye alikuwa mkutubi kwa miaka mingi kabla ya kuandika kuwa kazi yake ya pekee mwaka 1980, na naamini ni huko alikojua kwamba mtoto huupa mkono wake kwa watu wazima bila kuuliza, na kwamba jambo hilo linapendeza na kutisha kwa pamoja.

Sisi tuliokulia kwenye Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla tumezoea mpango mwingine: watu wanaogopa mzimu, Bwana Msa anakuja na kiko chake, na mwisho tunaambiwa ni binadamu aliyeua. Mahy amegeuza. Muuaji tunamjua tangu mwanzo, jina na duka lake tunalo. Fumbo ni kujua yeye ni kitu gani na alichokifanya kinafunguliwaje, na taharuki inatokana na kuwa Laura peke yake ndiye anayejua. Madaktari wa hospitali wanampima Jacko na hawaoni chanzo. Mama yao, Kate, haamini habari za mzuka.

Hapa pana kitu ninachokistahi kuliko hata zile sehemu za kutisha. Kate hakufanywa mjinga ili binti yake aonekane hodari. Ni mwanamke mwerevu, mcheshi, aliyeachwa na mumewe, anayefanya kazi kwenye duka la vitabu na hesabu za mwezi hazitoshi. Mwanawe akiwa hoi anatafuta faraja kwa mwanamume aliyemfahamu siku hizi hizi, Chris Holly, na Laura anaumia. Mahy anatuachia tumwelewe Laura na tumwelewe mama, bila kutwambia tusimame upande gani.

Kisha yuko Sorensen Carlisle, anayeitwa Sorry. Shuleni ni kiranja, nadhifu, mwenye adabu, na wakati mwingine kigugumizi humshika. Laura peke yake, tangu siku ya kwanza, alimtazama akajua kuwa ni mchawi. Nyumbani anaishi na mama yake Miryam na bibi yake Winter, wachawi wote wawili, katika nyumba ya zamani iliyozungukwa na viwanja na nyumba mpya za Gardendale. Ardhi hiyo ilikuwa shamba lao. Mji ulipowasogelea walitaka kuunganisha nguvu zao wauzuie, na kwa ajili hiyo Miryam alizaa, akitarajia binti mchawi wa kukamilisha watatu. Akazaliwa mvulana. Wakampeleka alelewe na watu wengine, ambako baba mlezi alikuja kumpiga vibaya, mpaka akarudi kwao akiwa kijana aliyeufunga moyo wake.

Soma tena mpangilio huo taratibu. Uchawi umetokana na shamba lililogeuzwa viwanja, na jeraha la kijana limetokana na wazazi waliotaka kumtumia. Hakuna unabii wala damu ya kifalme. Kuna ardhi, ndoto ya familia, na mtoto aliyelipa gharama.

Sorry hajui kupenda, kwa hiyo anasoma riwaya za mapenzi kana kwamba ni vitabu vya kiada. Kuna mahali anamgusa Laura pasipo idhini, na msomaji wa leo atakunja uso, kama nilivyokunja wangu. Lakini kitabu hakilipiti jambo hilo kimya. Laura anamkabili, na sisi tumeshauona mkono wa Jacko, tunajua alama isiyoombwa hufanya nini. Mapenzi yao yanakua kwa kadiri Sorry anavyojifunza kuuliza. Sijui riwaya nyingine ya vijana ya wakati ule iliyoliweka jambo hili kwenye msingi wake kwa ujasiri hivi.

Ili kumwokoa Jacko inabidi Laura naye awe mchawi, na hiyo ndiyo maana ya mageuko yanayotajwa kwenye jina la kitabu. Watatu wa nyumba ile wanagawana kazi, kila mmoja na nafasi yake katika kumvusha. Safari yenyewe ni ndani ya kichwa cha Laura, kwenye msitu ambao ni wa hadithi za utotoni na wa nchi yake pia. Lugha ya Mahy hapa inafunguka, sentensi zinarefuka na kujaa picha. Ana haki, kwa sababu kwa kurasa nyingi ametulisha gari bovu, ada na chakula cha jioni. Ningepunguza kidogo maelezo ya Winter na Miryam, ambao wakati mwingine wanasema kile ambacho tumekwisha kukiona.

Halafu deni linalipwa. Laura anarudi kwa Braque akiwa ameuficha uwezo wake mpya, akiwa na muhuri wake mwenyewe. Sheria ni ile ile, hawezi kumpiga muhuri kwa nguvu. Lazima mzee anyooshe mkono mwenyewe, na ananyoosha, kwa uchu ule ule wa Jacko. Nilipofika hapo mara ya kwanza nilifunga kitabu kwa muda, nikastaajabu jinsi tukio moja lilivyowekwa mapema na kusubiri.

Mahy hakutosheka na ushindi. Sasa Laura ana mamlaka juu ya Braque, anaweza kumtesa polepole, na anaanza kuionja raha hiyo. Mzee anaomba, anaharibika mbele ya macho, na msichana tunayempenda anasitasita kummaliza kwa sababu mateso yanamfurahisha. Hatari ya uchawi imehamia kwa shujaa mwenyewe. Anapoamua hatimaye kumwachilia, uamuzi huo una bei, kwa kuwa tumeona alichokuwa anakaribia kuwa.

Na mapenzi? Sorry anapata nafasi ya kazi ya wanyamapori, anapenda ndege kwa dhati, na lazima aondoke. Laura ana miaka 14 na bado ana shule. Wanapendana na wanakubaliana kungoja, na Mahy anauacha uamuzi huo uonekane kuwa wa Laura, mwenye uwezo mkubwa kuliko mtu yeyote katika mji ule na bado na kazi ya nyumbani ya kumaliza.