Kutu inayotengenezwa kwa mpangilio

Chuma ndani ya seli kina balaa mbili. Kikiwa na chaji +2 huyeyuka bila shida, lakini kikikutana na hidrojeni peroksidi huzaa radikali za haidroksili, zinazoharibu mafuta, protini na DNA bila kuchagua. Kikipoteza elektroni moja zaidi na kufikia +3, huwa kutu: katika maji ya kawaida ya seli ni kama hakiyeyuki kabisa. Feritini, protini ambayo Vilém Laufberger aliitenga kutoka wengu wa farasi mwaka 1937, haikwepi kutu hiyo. Huitengeneza yenyewe, ndani ya tumbo lake.

Na tumbo lipo kweli. Minyororo 24 ya protini hujikusanya kuwa tufe lenye upana wa nanomita 12, uwazi wa katikati ukiwa na nanomita 8 na nafasi ya atomu za chuma zipatazo 4,500. Kwa binadamu minyororo ni ya aina mbili, H na L. Chuma hupita kwenye matundu manane, kila moja likiwa pale minyororo mitatu inapokutana. Kuta za matundu hayo zina chaji hasi, nazo huvuta ioni kuelekea ndani.

Kazi nzito hufanyika katikati ya mnyororo wa H. Hapo glutamati kadhaa na histidini moja hushika atomu mbili za chuma zikiwa jirani. Oksijeni ikifika, huchukua elektroni moja kwa kila atomu, yaani mbili kwa mpigo. Kwangu huu ndio ujanja mkubwa kuliko yote. Oksijeni iliyopewa elektroni moja tu huwa superoksidi, nayo ni radikali. Ikipewa mbili pamoja huruka hatua hiyo na kuwa peroksidi.

Hatua hii iliwahi kunaswa kwa rangi yake. Feritini ya chura ikichanganywa na chuma mbele ya oksijeni, myeyusho hugeuka buluu kwa sehemu ndogo ya sekunde, wakati oksijeni imebanwa kati ya atomu mbili za chuma. Watafiti walichanganya kwa mashine ya kasi, wakagandisha papo hapo, wakapima kwa eksirei. Mwaka 2000 waliripoti kwamba atomu hizo zimeachana kwa anstromu 2.53 tu, umbali mfupi isivyo kawaida. Kimeng'enya cha bakteria walao methani nacho hushika oksijeni kwa atomu mbili za chuma, lakini huitumia kuvunja methani. Feritini huiachia itoke ikiwa hidrojeni peroksidi.

Ushahidi mwingine ulipatikana kwa kuharibu makusudi. Ukibadilisha glutamati ya 62 na histidini ya 65, H hupoteza kasi yake karibu yote na kubaki kama L, ambayo tangu mwanzo haina kituo hicho cha kushika atomu mbili za chuma. Lakini usiidharau L: upande wake wa ndani una glutamati ambapo punje ya kwanza ya madini, yaani ile kutu, hushika. Ndiyo maana ini na wengu, maghala ya muda mrefu, vina L nyingi, ilhali moyo na ubongo vina H zaidi.

Punje ikishakua, uso wake wenyewe huoksidisha chuma kinachofuata: atomu nne kwa molekuli moja ya oksijeni, na zao huwa maji badala ya peroksidi. Sehemu ya peroksidi iliyotoka mwanzoni nayo huliwa, kwa kuoksidisha chuma kingine. Kila atomu inayolala kwenye madini huachia protoni mbili, nazo lazima zitoke nje ya tufe.

Feritini ya bakteria E. coli yenye hemu imechukua njia nyingine. Atomu zake mbili za kituoni haziendi kwenye madini. Hubaki palepale, na kila zikiisha kuoksidishwa hurudishiwa elektroni na chuma kilichokwisha kuingia kwenye uwazi. Chuma hicho ndicho kinacholala, kituo kikabaki tayari kwa oksijeni au peroksidi inayofuata.