"Kibandiko" si "Chipu"

Baadhi ya wafasiri hutumia neno "kibandiko" kwa kila chombo cha NFC. Tunaonelea kwamba istilahi hiyo inapotosha. NTAG213, yenye baiti 144 za kumbukumbu, husomwa na kuandikwa kwa mawimbi ya redio tu; NTAG I2C plus ina pia miguu ya kuunganishwa kwa waya na kichakataji cha kifaa. Ofisa ugavi akiagiza "vibandiko" vya mita za maji, huenda akaletewa vya aina ya kwanza, na mita isiweze kuviandikia chochote. Twapendekeza "kibandiko" libaki jina la karatasi yenye gundi, na kiini chake kiitwe "chipu": ama "chipu pweke", ama "chipu unganishi". Wasomaji na watupime.