Bendera Ndani ya Kilabu cha Pombe: Mchezo wa O'Casey na Ayalandi ya 1926

Mwezi Februari 1926 wananchi wa Dublin walizozana ndani ya jumba la maonyesho hadi polisi wakaitwa. Ugomvi ulihusu The Plough and the Stars, yaani Plau na Nyota, mchezo wa kuigiza wa Sean O'Casey ulioanza kuonyeshwa katika ukumbi wa Abbey tarehe 8. Waliopiga kelele usiku wa tarehe 11 hawakuwa vibaraka wa Waingereza. Wengi walikuwa wajane, mama na dada za watu waliokufa wakipigania uhuru. Mume wa Hanna Sheehy-Skeffington, mmoja wa viongozi wao, aliuawa na askari wa Kiingereza katika wiki ile ile ya Pasaka 1916 inayosimuliwa na mchezo huu. Kwa hiyo hatuwezi kuwabeza. Lakini hatuna budi kuuchambua mchezo wenyewe.

Hasira yao kubwa ilikuwa juu ya sehemu ya pili. Tuko kilabuni. Rosie Redmond, mwanamke anayejiuza, analalamika kwamba biashara imelala. Kupitia dirishani inasikika hotuba ya kutukuza umwagaji wa damu. Kisha wapiganaji wanaingia kunywa na bendera mbili mkononi: ile ya taifa yenye rangi tatu, na ile ya Plau na Nyota, ya Irish Citizen Army, jeshi la wafanyakazi. Wapinzani waliona bendera zimenajisiwa. Sisi tunauliza: bendera hiyo ya pili iliinuliwa kwa ajili ya nani, kama si kwa ajili ya akina Rosie?

O'Casey aliwajua watu hao. Alikuwa kibarua, na mwaka 1914 alikuwa katibu wa jeshi hilo, lililozaliwa katika mapambano ya 1913 waajiri wa Dublin walipowafungia milango ya kazi maelfu ya wafanyakazi. Wahusika wake wanabanana katika jumba kuukuu la matajiri wa zamani lililogawanywa vyumba vya kupangisha. Mtoto Mollser anakufa kwa kifua kikuu wakati wa mapigano, bila risasi kumgusa. Bessie Burgess, mwuza matunda anayewatukana wapiganaji mchana kutwa, ndiye anayepita katikati ya risasi kumtafutia jirani yake Nora daktari, na ndiye anayeuawa dirishani akimvuta Nora kutoka hatarini. Hapa mwandishi amewapa makabwela heshima ambayo hotuba nyingi za uhuru hazikuwapa.

Na mwaka 1926 makabwela hao walikuwa bado humo vyumbani. Dola Huru ya Ayalandi, iliyoanzishwa Desemba 1922, ilikuwa imekwisha kupunguza pensheni ya wazee mwaka 1924, kutoka shilingi 10 hadi 9 kwa wiki. Mei 1926 de Valera alianzisha chama cha Fianna Fáil, na hoja iliyowatenga wafuasi wake na bunge ilikuwa kiapo cha utii kwa mfalme. Kiapo ni jambo zito. Chumba kimoja chenye familia nzima nacho ni jambo zito.

Kosa la O'Casey liko kwingine. Anayezungumzia tabaka la wafanyakazi kwa nadharia ni Covey, fundi mitambo aliyefanywa kichekesho: ananukuu kitabu chenye jina refu, anagombana na kila mtu, na maduka yanapovunjwa anarudi na gunia la unga mgongoni. Tunakiri mhusika huyu anatuuma. Walimu wa siasa tumewaona akina Covey darasani, pengine hata kwenye kioo. Hata hivyo, je, ni haki? James Connolly, aliyeliongoza jeshi lile na kupigwa risasi na Waingereza tarehe 12 Mei 1916, aliandika kwa makini juu ya ukombozi wa taifa na ule wa wavujajasho. Mchezoni jina lake linatajwa katika barua ya amri. Mawazo yake hayana msemaji. Clitheroe, mume wa Nora, anasukumwa na tamaa ya cheo. Mtazamaji anaachiwa njia mbili, nyumba ya Nora au kifo, na ile ya makabwela kujipanga wenyewe, ambayo mwandishi mwenyewe aliwahi kuitumikia, imefutwa.

Mwaka huo huo O'Casey alihamia London, akaishi Uingereza hadi alipofariki mwaka 1964. Juni 1963 majumba kuukuu ya kupanga katika mitaa ya Bolton Street na Fenian Street, Dublin, yaliporomoka yakaua watu 4, wawili kati yao wakiwa watoto wa kike.